Kuhamia Pangani moja kwa moja, ni raha kweli au nimelewa likizo tu?

Mzee wa Tabata
Wakuu habari za mchana. Kazi yangu ni ya laptop, naweza kukaa popote. Mwezi uliopita nimeenda Pangani, ile ya Tanga, siku tano nikarudi akili haijakaa sawa. Mji wote unaumaliza kwa miguu, jioni nimekaa kivukoni na kahawa na kashata naangalia watu wanavuka mto kwenda Bweni ng'ambo, saa mbili usiku kimya kabisa. Nimeanza kupiga hesabu za kuhama, mke ananicheka. Waliokaa, sio kutembea, KUKAA, nipeni ukweli.

mwanamto
Nimezaliwa hapo. Shemeji ana haki ya kucheka kidogo 😂 Hujakaa msimu wa upepo wa kusi wewe. Bahari ikichafuka mwezi wa sita wa saba vyombo haviendi mbali, samaki bei juu, hapo kivukoni kila mtu ana mawazo yake. Na visima vingi maji yana chumvi, chai yako ya kwanza utaitema. Tena msidhani mji umekuwa mdogo kwa kupenda, zamani ndio ilikuwa bandari yenyewe, Abushiri aliyepigana na Wajerumani kanyongwa hapo 1889, ila reli ilivyopelekwa Tanga na meli zikahamia huko sisi tukabaki na minazi.

Ticha mstaafu
Nilifundisha huko miaka minne. Wiki ya kwanza nimetoa elfu kumi kununua sabuni, mwenye duka hana chenji, akasema chukua tu mwalimu utaleta, hata jina hajaniuliza, nikafurahi weee nikasema hapa ndipo. Kesho yake asubuhi niko sokoni, mvuvi simjui hanijui ananiambia ticha una mia nane ya watu kule dukani. Ndiyo Pangani hiyo. Siku nimelala na homa, saa nne dirisha halijafunguliwa, bibi wa jirani kaleta uji mwenyewe, na bibi huyohuyo ndiye alikuwa anajua nimerudi saa ngapi na nani. Huwezi kuchukua uji ukaacha umbea, vinakuja kwenye sahani moja.

Mzee wa Tabata
Dah, mimi jirani yangu huku hata sura siijui vizuri. Ila nasikia daraja linakuja, barabara itoke Tanga ipite Saadani mpaka Bagamoyo, si ule utulivu ndio basi tena?

mwanamto
Lije hata kesho. Utulivu wa kivuko unaujua wewe wa kahawa, sisi tunajua kufika ukingoni usiku na mgonjwa kivuko kimelala ng'ambo.

Mzee wa Tabata
Hapo umenikata maini kaka, samahani. Mke kasoma yote kauliza kitu kimoja tu, hayo maji ya chumvi nguo zinatakata?

mwanamto
Sabuni haitoi povu shem. Njooni na simtank, mkinge ya mvua.