Mjadala: Wajapani waendelee kungoja protoni ioze, au imetosha?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Kule Kamioka, Japani, ndani ya mgodi wa zamani wa zinki, kilomita moja chini ya mlima, kuna tangi lenye tani 50,000 za maji safi kupindukia. Ndiyo Super-Kamiokande. Kuta zake zimepangwa macho ya kioo ya kunasa mwanga zaidi ya 11,000, kila moja upana wa nusu mita, yanakodolea giza tangu 1996. Mojawapo ya kazi zake ni kungoja protoni, ile chembe iliyomo kwenye kiini cha kila atomu, ioze, yaani ivunjike kuwa chembe nyingine. Mpaka leo hakuna hata moja iliyothibitika. Na bado wanajenga tangi jingine, Hyper-Kamiokande, la tani kama 260,000. Fungu la kwanza, yeni bilioni 3.5, lilipita bungeni kwao mwaka 2020, na linatarajiwa kuanza kazi 2028.

Je, hiyo ni kodi ya wananchi imetumika vizuri? Mimi nasema ndiyo.

Najua mtaniuliza mtu anapimaje umri unaouzidi wa ulimwengu wenyewe, ambao ni miaka bilioni 13.8 tu. Mnazi mmoja ukidondosha nazi moja kila baada ya miaka 100, utazeekea chini yake bure. Panda minazi 1,000, kwa mwaka utasikia vishindo kama 10. Maji yale, yenye protoni zisizohesabika, ndiyo shamba lenyewe.

Kibatari
Mkuu, hadithi umeianzia katikati. Anza 1974: wanafizikia Georgi na Glashow wa Harvard wanaleta nadharia ya kuunganisha nguvu za maumbile, hesabu zinasema protoni huishi miaka ya moja ikifuatwa na sifuri 30 hivi. Haya, Wamarekani wakajaza maji kwenye mgodi wa chumvi Ohio, mtambo ukaitwa IMB, ukaanza 1982. Kimya. Wajapani wakaweka tangi la tani 3,000 palepale Kamioka mwaka 1983, likaitwa Kamiokande. Kimya. Wenye nadharia wakarudi ubaoni wakaongeza sifuri. Leo Super-K yenyewe inasema kwamba kama protoni inaoza kwa njia inayotafutwa zaidi, basi umri wake haupungui miaka 24 ikifuatwa na sifuri 33. Jibu la wenye nadharia? "Basi labda sifuri 35."

Mganga akikwambia mgonjwa atapona Jumatatu, Jumatatu ikafika akasema ni ile ijayo, utaendelea kumpelekea kuku?

Mwalimu wa Zamu
Kibatari, mfano wako mtamu ila una tundu. Ile nadharia ya 1974 katika sura yake nyepesi ILIKUFA. Kimya cha Ohio na Kamioka ndicho kilichoizika. Zilizobaki ni nadharia nyingine, na kila moja imeweka shingo yake mezani. Mganga wako hajawahi kufukuzwa kazi na mgonjwa.

Niseme na kinachotafutwa, maana wengi wanadhani watu wamekaa tu kuangalia maji. Protoni ikioza kwa njia aliyoitaja Kibatari, inaacha vitu viwili: positroni (elektroni yenye chaji chanya) ikielekea huku, na chembe iitwayo payoni, isiyo na chaji, ikielekea upande wa pili. Payoni haichelewi, papo hapo inageuka kuwa miale miwili ya gamma. Vyote hivyo vinazaa mwanga hafifu wa buluu majini, na ukutani unasomeka kama pete tatu. Unajumlisha nishati ya pete hizo: lazima ikaribie uzito wa protoni moja. Shida ni nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, zinazozaliwa angani, zinagonga maji na kuigiza pete zilezile. Miaka yote hii kazi kubwa imekuwa kumtenga mwigizaji na mwenyewe.

Chumvi ya Mawe
Mmesahau 2001. Novemba ile walikuwa wanajaza maji baada ya matengenezo, jicho moja likapasuka, wimbi lake likapasua jirani, jirani likapasua jirani. Zaidi ya nusu ya macho yote yakaisha siku hiyohiyo. Wakarudisha kazi na yaliyobaki, wakakamilisha kuyarejesha 2006. Mimi hapo ndipo ningefunga duka, kusema kweli.

Mleta mada
Wangefunga tungekosa mengi. Februari 23, 1987 mwanga wa nyota iliyolipuka ulitufikia, na lile tangi la tani 3,000 lilinasa nyutrino zake 11. IMB ilinasa 8. Koshiba, aliyelianzisha, alikuwa amebakiza mwezi mmoja kustaafu! Akapata Nobel 2002. Mwaka 1998 Super-K ikaonyesha nyutrino zinabadilika aina zikiwa njiani, Kajita naye akapata Nobel 2015.

Kibatari
Asante kwa kunisaidia. Herufi za mwisho za jina Kamiokande, yaani NDE, kwa Kiingereza zilikuwa kifupi cha jaribio la kuoza kwa nyuklioni, yaani protoni na nyutroni. Nyutrino zilipokuja, watu wakaanza kuisoma ile N kuwa nyutrino. Mvuvi katega nguru kapata pweza, kabadilisha jina la boti. Sina ugomvi na pweza, ila kwenye bajeti muandike pweza.

Mwalimu wa Zamu
Wameandika. Hyper-K itapokea pia nyutrino zinazorushwa kutoka Tokai, hukohuko Japani, kilomita 295 kutoka hapo, na hiyo ni kazi yake kubwa kama ile ya protoni. Na pweza wa 1987 hakuingia wavuni kwa bahati tupu. Walikuwa wameshalisafisha tangi na kuliboresha ili lione nyutrino za jua. Bila hivyo wangekosa.

Kibatari
Hapo kwenye kusafisha nimekubali. Sasa nitajieni jambo moja tu: ni lini mtasema imeshindikana?

Mwalimu wa Zamu
Kwa njia ile ya pete tatu, Hyper-K ikifanya kazi miaka 20 itafika kwenye sifuri 35. Ikikaa kimya mpaka hapo, nitakuwa upande wako kuhusu tangi jingine lolote.

Kibatari
2028 jumlisha 20. Nimepiga picha ya skrini.