Sijakopa popote, lakini natukanwa kwa deni la mtu mwingine: namba yangu aliitoa nani?

Ndugu wanajukwaa, naandika uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa mistari miwili.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya kata. Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, saa 12 na dakika 40 asubuhi, niliposhuka kwenye daladala, nilikuta ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Ticha Hesabu, mwambie huyu mama alipe deni letu kabla ya saa 6 mchana, wewe ndiye mdhamini wake. Asipolipa tutajua nyote ni wezi." Jina la mama huyo liliandikwa kamili, nami silitaji hapa. Nilirudia kuusoma mara tatu, maana hakuna anayeniita Ticha Hesabu; shuleni naitwa kwa jina la ukoo. Jioni mama huyo alipokuja nyumbani kwangu akilia, ndipo nilipoelewa. Ni mzazi wa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, na hivyo ndivyo alivyonihifadhi katika simu yake. Alikuwa amekopa kupitia programu ya mikopo ya simu, na wakopeshaji wale walikuwa wamechota majina yote yaliyomo humo kama yalivyo.

Mchana wa siku hiyo tulikuwa tumeunganishwa katika kundi la WhatsApp lililopewa jina lake pamoja na neno TAPELI. Tulikuwamo watu 23: mwenye nyumba wake, katibu wa kwaya, muuza mkaa, fundi cherehani, wifi yake, mimi, na muuguzi wa kliniki anakotibiwa. Picha ya kitambulisho chake iliwekwa humo, ikifuatwa na matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mfikirieni huyo muuguzi. Kuwapo kwake tu katika kundi lile, akiwa amehifadhiwa kwa jina la kliniki, kulitufunulia sisi wote jambo la afya ya mama yule ambalo halikutuhusu hata kidogo.

Deni lenyewe ni hili: aliomba shilingi 60,000, akapokea 42,000 baada ya kukatwa kile walichokiita ada ya huduma, na akatakiwa kurejesha 66,000 ndani ya siku 7. Mikopo ya namna hii mtaani tunaiita kausha damu. Najua wapo watakaosema kwamba alikopa mwenyewe, basi alipe. Sibishani nao. Deni ni deni, na anayedai ana njia zake za kudai, ikiwamo mahakama. Ninachouliza ni mimi nimeingiaje humo, mimi ambaye sikukopa, sikudhamini, wala sikuwahi kuisikia programu hiyo.

Jibu lake linajulikana. Programu inapopakuliwa huomba ruhusa ya kusoma namba zilizohifadhiwa, ujumbe mfupi, picha na mahali ulipo, na anayekataa hapewi mkopo. Mtu mwenye mgonjwa ndani hasomi masharti. Anabonyeza "ruhusu" mpaka mwisho. Tuseme basi kwamba alikubali. Alikubali kwa niaba yake mwenyewe. Namba yangu si mali yake kuigawa, kama ambavyo mimi siwezi kutia saini hati ya kiwanja cha jirani kwa sababu tu naifahamu njia ya kwake. Katika simu ile mlikuwa na majina zaidi ya 300, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeulizwa. Hapa ndipo mjadala wa mikopo hii unapopotoka kila mara: tunamjadili mkopaji na riba yake, na kuwasahau mamia ya watu waliobebwa pamoja naye.

Wala si kweli kwamba nchi yetu, Tanzania, haina sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza unyanyasaji kwa njia ya mtandao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Tangu mwaka 2023 Google nayo haiziruhusu programu za mikopo zilizomo katika duka lake kusoma namba na picha za mtumiaji. Lakini hii aliyoitumia mama yule haikutoka dukani, ilikuja kwa kiungo alichotumiwa kwenye simu.

Nilipokwenda katika ofisi moja ya umma kulalamika, niliambiwa kwamba kwa kuwa si mimi niliyekopa, sina hoja ya kulalamikia, na kwamba nizuie tu namba zao. Niliondoka nikitetemeka. Nimezuia namba tisa, na kila ninapozuia moja huja nyingine. Laini katika nchi hii husajiliwa kwa alama za vidole. Tuliambiwa tupange foleni ili wahalifu wajulikane, na kuanzia Januari 2020 laini za ambao hawakusajili zilianza kuzimwa. Bibi yangu, ambaye vidole vyake vimesuguliwa na jembe mpaka mashine ikashindwa kuvisoma, alirudishwa mara tatu. Iweje basi namba tisa zitukane watu 23 mchana kweupe, na nijibiwe kwamba hawa watu ni vigumu kuwapata?

Wenzetu wa Kenya walikwisha kuona kwamba asiyekopa naye ana haki. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa huko aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Ndicho ninachokitaka hapa: programu iliyozoa namba yangu ilazimishwe kuifuta, aliyenitukana ajulikane kwa usajili wa laini yake, na ofisi zipokee malalamiko ya asiyekopa bila kumwuliza mkataba wa mkopo ambao hakuwahi kuusaini.

Jumatatu napeleka malalamiko ya maandishi kwa Tume, nikiambatanisha picha za skrini za kundi lile na orodha ya namba zote tisa, ambazo nimeziripoti pia kupitia 15040, namba ya kuripoti ujumbe wa kitapeli. Aliyepatwa na jambo kama hili asifute ujumbe. Auhifadhi pamoja na tarehe na namba iliyoutuma, na kama yuko tayari kulalamika aseme hapa chini, ili nisiwe peke yangu.

Mama yule amekwisha kulipa zile 66,000. Ijumaa iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi, na hakuja. Binti yake aliniambia kwamba mama anaona aibu kukutana na mimi.