Mrejesho: bima ya mzee sasa iko kwa jina langu

Niliwauliza kama mzee wangu wa Kakamega anaweza kunihamishia bima yake ya maisha, kwa kuwa mimi ndiye ninayeilipia kila mwezi. Imewezekana.

Kumbe kuandikwa mnufaika, yaani wa kulipwa mzee akifariki, si kumiliki! Mzee angeweza kunifuta, au kuivunja bima na kuchukua pesa. Tulienda ofisi ya bima Kisumu mara mbili. Safari ya kwanza tulirudishwa, hati halisi ilikuwa imebaki kwenye sanduku la mama, chini ya leso. (Nauli yangu jamani.) Safari ya pili mzee akatia sahihi ya kunihamishia, polepole, mbele ya shahidi.

Aliyenishauri nidai barua ya kuthibitisha uhamisho umesajiliwa, ubarikiwe, ninayo. Maisha yaliyokatiwa bima bado ni ya mzee, ila wa kuamua sasa ni mimi.