Banda la mtumba, jiki inatosha? Vifaranga wanakuja Jumamosi

Mkwezi_Chanika: Wakuu, habari za jioni. Nimenunua banda la mbao na wavu lililotumika, 150,000. Jana nimelipiga jiki ndani na nje. Vifaranga 100 chotara wanaingia Jumamosi. Inatosha au niongeze dawa? Naombeni msaada, silali.

BabaPumba: Mtumba ni viatu, mkuu. Banda unajenga mwenyewe. Vijana mnapenda njia za mkato.

MamaWawili: Ulikwangua kinyesi kabla ya jiki? Jiki juu ya uchafu haina kazi, uchafu wenyewe unaimaliza nguvu. Kwangua mpaka mbao ionekane, sugua kwa maji ya moto na sabuni, acha likauke kabisa. Ndipo upige jiki, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, likae na unyevu angalau dakika kumi. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote, utavuta hewa ya sumu.

Mkwezi_Chanika: Kukwangua nilikwangua juu juu. Lilionekana safi.

Kisusi: Mimi Mbeya niliuziwa banda safi hivyohivyo. Utitiri ulikuwa umejificha kwenye nyufa za mbao, mchana huoni kitu, usiku wanatoka kunyonya damu. Tetea wangu wakagoma kutaga, na mimi na mke wangu tukajikuna mwezi mzima. Wale wanakaa miezi bila kula, wanasubiri tu. Nilichoma nyufa zote kwa moto wa gesi ndipo nikapumua.

MamaWawili: Mleta mada, muuzaji aliacha kufuga kwa nini?

Mkwezi_Chanika: Anahama.

MamaWawili: Na kuku wake wamekwenda wapi?

Mkwezi_Chanika: Sawa, niseme. Walikufa. Kama 40 ndani ya siku nne, wana wiki tano, wakisinzia na kuharisha nyeupe. Lakini alisema ni baridi. Na hela ya vifaranga nimeshalipa, ni ya kikoba, hairudi.

MamaWawili: Umri huo na kufa kwa mkupuo hivyo kunafanana sana na ugonjwa wa gumboro, ingawa mpaka wapimwe. Kirusi chake kinaweza kukaa bandani miezi mitatu, minne, bila kuku hata mmoja. Jumamosi hapana.

Mkwezi_Chanika: Nitawachanja siku ya 14. Chanjo si ndiyo kazi yake?

MamaWawili: Ukimwingiza siku ya kwanza kwenye banda lenye kirusi, ugonjwa unaweza kuitangulia chanjo.

Njiwa_Manga: Uzi huu chai. Jumanne aliuliza bei ya usafiri, banda lilikuwa bado kwa muuzaji. Leo Alhamisi amelipiga jiki "jana". Anatafuta michango huyu.

BabaPumba: Nilihisi. Na 150,000 kwa banda la kuku 100? Mbao peke yake zinazidi.

Kisusi: Mwacheni, bei hiyo ipo kwa mtu mwenye haraka. Langu lilikuwa 120,000.

Mkwezi_Chanika: Sijaomba shilingi ya mtu. Jiki nilipiga kulekule kwa muuzaji, jioni ndiyo likaja na kirikuu. Picha hiyo hapo.

Njiwa_Manga: Samahani mkuu, nimeiona. Ila kuza kona ya kushoto, chini ya kichanja. Kinyesi kimegandamana kama saruji.

MamaWawili: Sikiliza basi. Vifaranga wapokee, lakini ndani ya nyumba. Wiki nne za mwanzo wanahitaji bruda tu, yaani sehemu ya kulelea yenye joto. Chumba kilichooshwa, maranda mapya, taa au jiko la mkaa lenye pa kutokea moshi, vyombo vipya. Chanjo zifuate ratiba ya bwana mifugo. Banda liburute juani mbali na nyumba, ng'oa vichanja uvichome, rudia usafi mara mbili. Vimelea vya kuhara damu haviuawi na jiki, vinahitaji maji yanayochemka na ukavu. Viatu vya bandani visiingie kwenye bruda.

Mkwezi_Chanika: Asante dada. Kuna jambo sikusema. Mama ana kuku sita wa kienyeji, tangu jana jioni wanachakura chini ya hilo banda. Asubuhi hii jogoo kajikunyata, hali chakula.

MamaWawili: Watenge sasa hivi, wote sita, si jogoo peke yake. Asichinjwe, asiuzwe. Mpigie bwana mifugo wa kata kabla hujafanya lingine, na akifa mpeleke akapimwe angali mbichi. Mwambie na mama.

Mkwezi_Chanika: Mama yuko sokoni. Alisema anaenda kumtafutia mteja.