Makande ya Ijumaa ya Kwaresima

*Kikundi cha akina mama wa jumuiya, Jumatano usiku*

Mama Tekla (Mwenyekiti): Tumsifu Yesu Kristo, akina mama. Njia ya Msalaba Ijumaa hii inaanza saa 10 jioni, kanisani. Watoto waje wote. Wasomaji wa vituo nimewatumia majina pembeni.

Bibi Anjela: Milele amina.

Mama Neema: Milele amina. Shikamoo Bibi. Mwenyekiti, tukitoka pale ni saa 12, kufika nyumbani giza limeingia na watoto wana njaa. Chakula cha jioni mnapangaje? Nilikuwa nawaza makande, ila makande yanataka mtu ashinde jikoni.

Bibi Anjela: Marahaba mwanangu. Huna haja ya kushinda jikoni. Loweka Alhamisi usiku, Ijumaa asubuhi chemsha kwa nguvu, halafu sufuria lifunge kwenye kapu. Yataiva yenyewe wewe ukifua.

Dada Imelda: Kapu gani Bibi? La blanketi?

Bibi Anjela: Hilo hilo, linalotunza joto chakula kiendelee kuiva bila moto. Kwetu Upareni tulifunga kwa majani makavu ya mgomba. Hapa Dar chukua tenga au kapu kubwa lenye mfuniko, hata ndoo pana ya plastiki inafaa. Ndani panga blanketi kuukuu au mabaki ya vitambaa mpaka unene wa sentimita 10 chini na pande zote. Katikati acha shimo la kulitosha sufuria kabisa, lisicheze. Hewa ikizunguka kati ya sufuria na vitambaa, joto linaondoka.

Bibi Anjela: Juu shona mto wa kufunika, nao mnene vilevile. Watu wengi wanajali pande na kusahau juu, na mvuke wote unatokea huko.

Mama Kelvin: Naongezea kwenye la Bibi. Chini ya sufuria weka kwanza kitambaa kizito cha pamba kilichokunjwa mara nne, au kipande cha boksi. Sponji na vitambaa vya nailoni vinayeyuka vikiguswa na tako la sufuria lililotoka motoni sasa hivi. Kama unapikia mkaa, futa tako hilo, lisiwe limebeba kaa hata dogo.

Mama Neema: Vipimo? Sisi ni sita, wawili wadogo.

Bibi Anjela: Mahindi yaliyokobolewa nusu kilo, maharage robo kilo. Sufuria la lita 4, zito, mfuniko unaobana, mikono mifupi. Chakula na maji vijaze robo tatu ya sufuria. Ukiweka kidogo kwenye sufuria kubwa linapoa haraka, halafu utasema kapu halifanyi kazi.

Mama Neema: Maharage gani sasa? Sokoni kuna ya kila rangi.

Mama Tekla (Mwenyekiti): Ya njano, au kablanketi ukiyapata. Yanaiva upesi na mchuzi wake mzito. Mekundu makubwa nayo matamu, ila yanataka muda zaidi. La muhimu muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Maharage yaliyokaa zaidi ya mwaka kwenye joto na unyevu wa huku pwani ganda lake linakaza, utachemsha mpaka gesi iishe.

Dada Imelda: Na magadi? Jirani anasema kijiko kimoja kinamaliza kazi.

Mama Kelvin: Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na yakizidi chakula kinakuwa na ladha ya sabuni. Kama umeloweka vizuri na maharage si ya zamani, huyahitaji.

Mama Kelvin: Kabla ya kuloweka, CHAMBUENI. Mwaga kwenye ungo, toa mawe na punje zilizovunjika, na kila punje ya hindi yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Gunia likinuka uvundo, usilichambue ili uokoe nusu. Liache lote.

Katekista Mama Paskali: Hiyo ya kuchambua wape watoto Alhamisi jioni, ungo mmoja kila mtoto, mkisali Rozari ya familia. Alhamisi tunatafakari Matendo ya Mwanga. Mtoto wa miaka sita anaweza kutofautisha punje nzima na iliyooza, na mikono ikiwa na kazi anatulia. Wewe pitia tena baada yao.

Mama Neema: Nimeipenda hiyo. Kuloweka ni saa ngapi?

Bibi Anjela: Saa 4 usiku, vyombo viwili. Mahindi peke yake, maharage peke yake, maji mara tatu ya ujazo wake. Asubuhi mwaga maji yote, suuza mara mbili. Usipikie maji ya kulowekea, ndiyo yanayojaza watoto tumbo gesi.

Mama Kelvin: Na yasizidi muda wa saa 12 ndani ya maji, kwa joto hili la Machi. Ukiona povu na harufu ya uchachu, yameshaanza kuharibika. Anayetaka kupika mchana ayatoe asubuhi, asuuze, ayafunike bila maji.

Dada Imelda: Kwa nini vyombo viwili kama vinakwenda sufuria moja?

Bibi Anjela: Kwa sababu haviingii motoni pamoja. Mahindi yanatangulia. Ukiviweka pamoja, maharage yanapasuka na kuwa uji, mahindi bado yanagonga meno.

Bibi Anjela: Haya, Ijumaa nendeni hivi. Saa 4 asubuhi mahindi motoni, maji yapite juu yake vidole vinne. Yachemke dakika 45. Tia maharage, ongeza maji ya MOTO (ya baridi yanakatisha mchemko) mpaka yafunike vidole viwili tu. Yakianza kutokota tena, hesabu dakika 30 za moto mkali, mfuniko umewekwa. Usifunue. Toa motoni, moja kwa moja kwenye kapu, mto juu, mfuniko wa kapu, na kanga ya kufungia.

Mama Neema: Vidole viwili si kidogo? Yasije yakaungua.

Bibi Anjela: Ndani ya kapu hakuna moto wa kuunguza, na maji hayakauki. Utakayoweka ndiyo utakayoyakuta. Anayemimina kama anapikia jikoni anakuta supu.

Mama Kelvin: Akina mama, hizo dakika 30 msizipunguze ili kuokoa gesi. Maharage yana sumu yake ya asili, hasa yale mekundu. Inavunjwa na mchemko wa nguvu, angalau dakika 10, na 30 ndiyo salama. Kapu peke yake halifikii joto hilo. Maharage yaliyopashwa tu bila kutokota, chini ya nyuzi 80, yanaweza kuwa na sumu kuliko hata mabichi. Ndani ya saa moja mpaka tatu mtu anatapika na kuhara, na nyumba nzima inadhani ni kipindupindu.

Mama Brayani (Njombe): Shikamooni. Huku juu baridi na maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Muda ni ule ule?

Mama Kelvin: Marahaba. Ninyi ongezeni dakika 15 za moto, na saa moja ya kapu. Blanketi nalo liwe nene zaidi.

Mama Tekla (Mwenyekiti): Samahani kukatisha, mchango wa mishumaa ya Pasaka bado wanne. Mnajijua, nisitaje hapa. Endeleeni.

Mama Neema: Halafu nafunua saa ngapi?

Bibi Anjela: Umefunga saa 5 na nusu hivi, fungua saa 8 na nusu. Saa tatu zinatosha. Bana punje ya hindi kwa vidole: ikipondeka, yameiva. Ikibaki na kiini kigumu, rudisha motoni dakika 15. Usiwe unafungua kila saa kuchungulia.

Bibi Anjela: Hapo sasa unaunga. Vitunguu viwili, mafuta vijiko vitatu vya chakula, viwe rangi ya dhahabu. Nyanya tatu mpaka mafuta yatengane. Karoti, hoho, chumvi kijiko cha chai na nusu. Mimina kwenye makande na tui la pili, lile jepesi, yachemke dakika 10. Mwisho tui la kwanza, lile zito, koroga taratibu upande mmoja mpaka lichemke kidogo, zima. Tui la kwanza likitokota sana linakatika, mafuta yanaelea juu.

Dada Imelda: Nyanya siwezi kuweka mapema niokoe muda?

Mama Kelvin: Hapana. Uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju unalizuia ganda la maharage kulainika. Maharage yasiyoiva yakikutana na nyanya yanabaki hivyo hivyo. Kwanza yaive, ndipo nyanya.

Bibi Anjela: Saa 9 na robo umemaliza. Rudisha kwenye kapu yakiwa yanachemka, vaa, nendeni kanisani. Mkirudi yako moto, mnapasha mpaka yatokote ndipo mnapakua.

Mama Kelvin: Kapu la mara ya pili lisizidi muda wa saa nne. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu vinaanza kuzaliana, na chenye tui ndicho kinachowahi. Anayetaka kubakiza ya Jumamosi atoe sehemu yake KABLA ya tui, aitandaze kwenye bakuli pana ipoe, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asiye na friji apime ya kumalizika siku hiyo.

Dada Imelda: Jumla ya gesi inatoka ngapi? Mtungi wangu ni wa kilo 6.

Mama Tekla (Mwenyekiti): Hesabu mwenyewe: dakika 45, na 30, na kama 20 za kuunga, na tano za kupasha. Saa moja na dakika arobaini. Bila kapu ni karibu saa tatu.

Mama Neema: Na kwa Ijumaa, naruhusiwa kuungia supu ya mifupa? Kuna aliyesema supu si nyama.

Katekista Mama Paskali: Kinachokatazwa siku ya kujinyima ni nyama. Mayai, maziwa na samaki vinaruhusiwa, hata mafuta ya mnyama ya kuungia, Papa Paulo VI aliliweka wazi mwaka 1966. Supu ya mifupa mimi nashauri tuiache, kwani tunakwepa nini? Kujinyima nyama kunaanzia miaka 14. Kufunga, yaani mlo mmoja kamili na viwili vidogo, ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 mpaka kufikisha 59. Anayenyonyesha, mjamzito na mgonjwa hawabanwi na kufunga. Hao wale chakula kwa amani.

Katekista Mama Paskali: Na kwa upendo kabisa niseme hili: sangara mzima wa kukaanga na kachumbari na soda anaruhusiwa, lakini hiyo ni sherehe. Ijumaa tunataka mtoto aone meza imepungua na aulize kwa nini. Makande yanafanya kazi hiyo vizuri: yanashibisha, hayana mbwembwe. Bei ya nyama ambayo hukununua, itoe kwenye pochi siku hiyo hiyo na mtoto aitumbukize kwenye kopo la Kwaresima kwa mkono wake, mbele ya wote, kabla ya sala ya chakula. Ukingoja mwisho wa mwezi ilishanunua vocha.

Mama Neema: Amina. Naanza Ijumaa hii.

Dada Imelda: Wangu ana mwaka na miezi miwili. Naye ale makande?

Mama Kelvin: Ale, ila asipewe punje nzima, hindi linaweza kumkaba. Chota ya kwake kabla hujatia chumvi, ponda kwa mwiko, pitisha kwenye chujio ganda libaki. Ongeza tui na kipande cha boga au karoti iliyopondwa. Mahindi na maharage vinasaidiana: protini inayopungua kwa mahindi iko kwenye maharage, kwa hiyo kwa jioni hiyo hajakosa kitu kwa kukosa nyama.

Mama Kelvin: Kwa wote: malizieni na chungwa au embe, madini ya chuma ya maharage yanaingia vizuri mwilini. Chai ya rangi isubiri saa moja, inayazuia. Wajawazito hasa, nawaomba.

Mama Brayani (Njombe): Na kapu likiishatumika mnalifanyaje? La dada yangu lilianza kunuka.

Bibi Anjela: Mvuke unaingia kwenye vitambaa. Kila ukimaliza toa mto na blanketi, anika juani mpaka vikauke kabisa. Kitambaa chenye unyevu hakishiki joto, kapu la pili litakuangusha. Foronya ya mto iwe ya kuvuliwa, ifuliwe kila wiki.

Dada Imelda: Bibi, mto nishone ukubwa gani? Kapu langu mdomo wake ni sentimita 45.

Bibi Anjela: Kata kitambaa duara la 55, vipande viwili, ili ukijaa ubane pembeni. Jaza mabaki ya kanga na sweta kuukuu, usijaze sponji tupu. Kesho asubuhi pita na kapu lako nilipime, nina mabaki ya kutosha hapa.

Dada Imelda: Asante Bibi. Nakuja saa 3, kabla sijaenda sokoni kuchukua maharage.