Wazazi Waswahili, Darasa la 6 hadi la 8 (Louisville)

*Jumatatu*

Mama Neema 18:12
Habari za jioni wapendwa. Shikamooni wakubwa. Uchaguzi wa baraza la shule umetangazwa. Majina ya wagombea mwisho ni Ijumaa saa tisa mchana, pale ofisini. Kura ni Jumanne ijayo, maktaba ya shule, asubuhi hadi jioni. Tafadhali mtu asisome akapita kimya.

Mama Neema 18:15
Baraza lina watu 6: walimu 3, wazazi 2 na mkuu wa shule. Ndivyo Kentucky inavyoendesha shule zake tangu mageuzi ya elimu ya 1990. Wale wazazi 2 wanachaguliwa na sisi wazazi. Sheria inasema mzazi, haisemi raia. Kwa hiyo nisisikie mtu anasema "karatasi zangu bado".

Mama Neema 18:16
Tunataka mmoja wetu aingie. Nani anasimama?

Mama Neema 19:48
Naona mmesoma.

Mama Neema 20:30
Baba Eliya? Mama Furaha? Dada Rehema? Baba Josue?

Dada Rehema 21:36
Ndiyo natoka kazini dada. Hilo baraza lenyewe linafanya nini hasa?

Mama Neema 21:41
Linaamua watoto wanavyopangwa madarasani, ratiba ya siku, nidhamu, matumizi ya vyumba. Mtaala na uteuzi wa mkuu wa shule vilihamia kwa msimamizi wa wilaya kwa sheria ya 2022, lakini kupanga watoto bado kuko mezani kwao. Na hapo ndipo panapotuumiza. Neema ametolewa kwenye sayansi ili akakae ESL, lile darasa la wanaojifunza Kiingereza, kipindi kile kile. Nikauliza nani kaamua, wakaniambia ni sera. Sera imeandikwa na watu, Rehema. Wanakaa jioni kila mwezi, mlango uko wazi kwa yeyote, sisi hatumo.

Mama Neema 21:43
Usiku wa tamaduni wanatukumbuka. Tunavaa vitenge, tunapika, tunapigwa picha. Siku ya kuamua hakuna anayetuita na sisi hatuendi. Mimi nimechoka kuitwa kupika.

*Jumanne*

Baba Amani 04:52
Nimeshuka zamu sasa hivi. Lakini zile sambusa za nyama zilikuwa moto sana, tuseme ukweli 😂 Mama Furaha zimebaki?

Mama Furaha 06:20
😂😂 Za mwezi wa tatu, Baba Amani? Utakufa.

Baba Amani 06:22
Nife nikiwa nimeshiba.

Mama Neema 06:40
Jamani. Ijumaa saa tisa.

Mama Furaha 06:44
Basi muniandike mie. Batoto bote pale bananijua. Kila siku niko nao.

Mama Neema 06:45
Mungu akubariki Mama Furaha!! 🙏🏾🙏🏾 Hayo ndiyo maneno. Naandika jina lako leo.

Dada Rehema 12:10
Hongera dada 👏🏾

Mama Neema 15:58
Mama Furaha samahani sana. Nimesoma sheria vizuri. Mzazi wa baraza haruhusiwi kuwa mfanyakazi wa shule ile ile. Jikoni pia wanahesabu.

Mama Furaha 16:20
Nakatia batoto matunda kila siku, njo inanizuia kusema juu yabo?

Mama Neema 16:21
Sijaiandika mimi mama.

Mama Furaha 16:22
Basi muandike bwana wangu.

Mama Neema 16:25
Mume naye hapana. Wala mzazi, mtoto, kaka au dada wa mfanyakazi. Lakini KURA mnayo wote wawili, hiyo hainyang'anywi.

Baba Amani 16:31
Mama Furaha amefukuza ukoo mzima kwa sababu ya mwiko 😂

Mama Furaha 16:33
Sambusa usiniulize tena.

Baba Amani 16:34
Nimetubu.

Baba Amani 16:36
Sasa kwa ukweli. Si kuna ile sheria ya asilimia 8? Niliisikia kazini. Hawawezi kukosa mtu mweusi pale ndani.

Mama Neema 16:44
Ipo. Shule ikiwa na asilimia 8 au zaidi ya watoto wa jamii za wachache, lazima baraza liwe na mtu wa jamii hizo, akikosekana unaitishwa uchaguzi mwingine. Ila mzazi mmoja aliyepo sasa ni mama Mmarekani mweusi na anagombea tena. Akipita, kipengele kimetimia. Naye simlaumu, ni mama mzuri, alinisalimia vizuri. Lakini ESL haijui, binti yake hajawahi kukaa huko. Sisi tutaingia kwa kura tu. Mwaka jana waliopiga kura hawakujaza hata safu moja ya viti.

Mama Neema 17:30
Baba Eliya naona uko hewani.

Baba Eliya 19:02
Niko.

Mama Neema 19:03
Wewe Kiingereza unakijua, kazi yako ni ya mchana, nduguyo yeyote hafanyi kazi pale. Tunakuomba.

Baba Eliya 19:20
Leo mnaniomba. Sawa.

Baba Eliya 19:26
Mwaka jana nilipoandika humu humu saa nne usiku, mnakumbuka? Eliya amesimamishwa, asubuhi naitwa shule, Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha dukani. Niliomba mtu mmoja anisindikize. Mmoja. Mkaniwekea mikono ya kuomba dua. Nikaenda peke yangu. Mtoto wangu ndiye aliyenitafsiria makosa yake mwenyewe mbele ya watu wanne, na mimi nikatia saini.

Mama Neema 19:31
Baba Eliya, hilo ni kosa la shule. Shule inayopokea pesa za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, lazima wampe mzazi taarifa kwa lugha anayoielewa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishazungumzia lugha shuleni mwaka 1974, kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco. Walipaswa kukuletea mkalimani na hukupaswa kulipa hata senti.

Baba Eliya 19:33
Sheria nilikuwa siijui. Ninyi nilikuwa nawajua.

Baba Eliya 19:34
Na ile ya ukumbi sijasema.

Mama Furaha 19:40
Ya ukumbi tuache Baba Eliya.

Baba Amani 19:58
Wadau nauliza tu, ile Infinite Campus ya kuangalia alama, neno la siri tunalipata wapi?

Dada Rehema 20:01
Yangu aliifungua Salma. Neno la siri analo yeye.

Baba Amani 20:02
Hata yangu analo Amani 😂 Ananiambia ana A zote.

Mama Furaha 20:05
Furaha pia ana A zote 😂😂

Mama Neema 20:11
Mwende ofisini na kitambulisho mfunguliwe wenyewe!! Lakini sasa hivi tuko kwenye jambo la Baba Eliya.

*Jumatano*

Mama Neema 07:15
Kimya kimezidi.

Dada Rehema 13:05
Dada nina swali langu. Salma ni mtoto wa marehemu kaka. Nina ile barua niliyomwandikishia shule. Kura ninayo?

Mama Neema 13:12
Sheria inamtaja mzazi wa kuzaa, wa kambo, wa kulea kwa serikali, au mtu anayeishi na mtoto akiwa na haki ya malezi kisheria. Ya mahakama unayo?

Dada Rehema 13:13
Ya mahakama sina.

Mama Neema 13:20
Acha niulize. Usikate tamaa. Bibi Zawadi yeye anazo karatasi za mahakama, kwa hiyo Bibi unapiga kura kama sisi.

Bibi Zawadi 17:41
🎤 Ujumbe wa sauti (2:18)

Mama Neema 18:02
Shikamoo Bibi. Kwa walio kazini nawaandikia alivyosema:

"Asanteni wanangu. Mimi kusoma simu siwezi, huyu mjukuu ananisomea, na mengine naona anayaruka. Kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, shule ilikuwa miti na turubai. Matofali tuliyafyatua sisi wazazi. Mwalimu akikosea tulimfuata kwake, naye mtoto akikosea alitufuata. Hapa nimefika, shule ina kila kitu, na mwaka wa tatu huu hakuna mwalimu anayelijua jina langu. Wananiita mama wa fulani, wala mama yake siye mimi. Hilo linaniuma kuliko baridi. Sasa Baba Eliya. Ulichokisema ni kweli na mimi nilikuwemo humu usiku ule. Wasikutume mahali kabla hawajakuja kwako. Mama Neema, wewe mdomo unao, lakini nyumbani kwa Baba Eliya hujafika. Nendeni mkae, mnywe maji yake, mumsikilize mpaka amalize. Na wewe Baba Eliya, wakija uwafungulie. Mtoto wako bado yuko pale mwaka mzima, na wajukuu zangu wako nyuma yake. Nimemaliza."

Mama Furaha 18:30
🙏🏾

Dada Rehema 18:41
Tumesikia Bibi.

Baba Amani 19:15
Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Baba Eliya 21:50
Shikamoo Bibi. Nimesikia.

Mama Neema 21:52
Baba Eliya kesho saa kumi na mbili jioni tupo kwako. Mimi, Mama Furaha na Baba Amani kabla ya zamu yake.

Baba Eliya 22:10
Mlango upo.

*Alhamisi*

Mama Furaha 21:25
Tumefika nyumbani salama. Mama Eliya asante kwa ugali na lengalenga.

Baba Amani 21:27
Niko kazini na tumbo limejaa. Asante shemeji.

Mama Neema 21:40
Asanteni. Tuliyoongea tumeongea. Kwa faida ya wote, tumekubaliana hili: mzazi yeyote humu akiitwa shule kwa jambo la nidhamu, watu wawili wanamsindikiza, na mkalimani anaombwa kwa maandishi kabla ya siku, ibaki kumbukumbu. Mtoto hatafsiri. Natengeneza orodha ya wa kusindikiza, andikeni siku zenu za mapumziko.

Mama Neema 22:30
Majina tafadhali. Mpaka sasa ni mimi, Baba Amani na Mama Furaha.

*Ijumaa*

Mama Neema 10:05
Baba Eliya fomu nimekuachia ofisini kwa jina lako, imebaki saini. Ukichaguliwa kuna ukaguzi wa rekodi yako na mafunzo ya saa 6 kwa wajumbe wapya. Nitauliza kama yapo ya jioni.

Baba Eliya 12:40
Nitapita. Sijasema nimekubali.

Mama Neema 12:41
Wanafunga kupokea saa tisa.

Baba Eliya 12:41
Najua.

Baba Amani 13:30
Jumanne gari yangu ina nafasi nne. Bibi namchukua mimi. Farasi wa mbio za Derby wameshapita, barabara ni yetu sasa 🐎

Mama Furaha 13:34
Bibi akae mbele. Na usiendeshe kama farasi.

Mama Neema 14:20
Dada Rehema, ofisini wamesema wanataka karatasi ya mahakama. Kuna wanasheria wanaosaidia familia bure, Jumatatu nakupa namba. Kwa Jumanne hii sina uhakika, njoo nayo hiyo barua tuulize pale pale.

Dada Rehema 14:26
Nitakuja hata wakinikataa. Waniandike kwamba nilikuja.

Mama Neema 15:10
Baba Eliya?

Mama Neema 15:45
Simu yako haipokelewi.

Baba Josue 16:02
Habari wapendwa. Samahani nilikuwa nasoma tu, simu yangu ina matatizo ya kuandika. Nimetoka ofisini saa nane na nusu kumchukua Josue. Nimemwona Baba Eliya kwenye dirisha anaongea nao, karatasi mkononi. Kama aliacha au aliondoka nayo sikuona. Mimi mniandike kwenye kusindikiza, Jumatatu na Alhamisi niko nyumbani. Na Jumanne sisi wa mtaa wa Iroquois tunapanda gari ya nani?