Lumbesa huku Umalila: tunanyonywa mchana kweupe na kamba ya kushonea tunaishika wenyewe

Wakuu, salaam. Nina hasira na leo sitaimung'unya. Huku Umalila, milimani Mbeya, tunauza viazi kwa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo halali na kulipwa kama gunia moja la kawaida.

Juzi jirani yangu, mama mjane aliyesomesha watoto wake wote kwa viazi, alimwambia mnunuzi mbele ya watu: "Baba, leo naomba tupime kwa kilo." Basi. Hakutukana mtu, hakuzuia gari. Mnunuzi akacheka, akarudisha hela mfukoni, akamwambia dereva wa Fuso asogee shamba la pili. Na shamba la pili wakampokea! Watu walewale ambao kila jioni kilabuni wanalia lumbesa, lumbesa, waliinama wakaendelea kujaza magunia. Mmoja wao akapata na ujasiri wa kumwambia, "Mama, wewe unatuharibia soko."

Soko gani hilo anatuharibia?

Kwa ambao hamjawahi kuona kwa macho: gunia linajazwa mpaka mdomoni, linatingishwa na kugongwa chini ili viazi vishuke, kisha linajazwa tena. Kwa mtu mwenye haya, hapo ndipo pa kushona. Kwetu hapo ndipo kazi inapoanza. Wanaunganisha kipande cha neti au cha gunia bovu kwenye mdomo, wanapandisha kama kilemba, wanapanga viazi kimoja kimoja kwa mkono, vikubwa pembeni viwe ukuta, vidogo katikati. Halafu sindano ndefu na kamba, mmoja anavuta, mwingine amekandamiza kwa goti. Mwenye goti ni nani? Mwenye shamba! Anamsaidia mnunuzi kukaza viazi ambavyo hatalipwa. Likikamilika, kijana wa kupakia hawezi kulinyanyua mwenyewe, anatwishwa na wenzake huku mishipa ya shingo imemsimama. Hao vijana nao migongo yao hakuna anayeiuliza.

Gunia moja la namna hiyo tulilipandisha kwenye mizani ya kupimia pareto. Kilo 138. Sheria ya Vipimo, Sura 340, na kanuni zake zinasema ufungashaji wa mazao usizidi kilo 100 kwa gunia. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Gari likishuka mlimani na magunia 50 ya hivyo, kilo 1,900 zimeondoka bila kulipiwa hata senti. Hayo ni magunia 19 halali. Mbegu yake ulinunua wewe, mbolea uliikopa wewe, dawa ya ukungu ulipuliza wewe ukiwa umeloa mgongo, na palizi ulilipa vibarua.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kilo tunazijua. Mkulima huyuhuyu akipeleka pareto inapimwa kwa kilo, na akihisi mizani inacheza anapiga kelele mpaka waipime upya. Wenzetu wa Mbozi kahawa yao inapimwa kwa kilo. Hilo hilo Fuso likishaingia barabara kuu kwenda Dar linapandishwa kwenye mizani Makambako, linapandishwa tena Wenda pale Iringa, na likizidisha uzito linatozwa. Vikifika mjini, mama wa genge anamuuzia mteja viazi hivyohivyo kwa kilo. Lakini shambani kwa aliyevilima, kilo haipo.

Na msidhani mnunuzi anafanya hivi kwa ukorofi tu. Ana hesabu yake. Nauli ya mzigo inatozwa kwa gunia. Kupakia ni kwa gunia, kushusha ni kwa gunia, ushuru getini ni kwa gunia. Kwa hiyo kila akizidisha juu ya gunia moja, gharama zake zote zinashuka, na anayebeba tofauti ni mkulima. Halmashauri nayo inapunjwa ushuru wake palepale kwenye geti lake, kijana wa ushuru anahesabu magunia na kukata risiti wakati kilemba anakiona. Ndiyo maana siwaelewi viongozi wanaosema hili ni suala la wakulima na wafanyabiashara wamalizane. Mnapunjwa na nyie!

Sasa nije kwenye kilichonifanya nifungue uzi. Mama yule hakuishia shambani. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji, kwa heshima zote, akaomba lumbesa iingizwe kwenye ajenda. Kiongozi aliyekuwa mezani akamwambia asilete siasa. Watu wakacheka. Akakaa.

Siasa? Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na sheria ya serikali za mitaa inataka uitishwe angalau kila baada ya miezi mitatu. Si baraza la kusomewa michango na kurudishwa nyumbani. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, mkutano ukazijadili, zikapelekwa halmashauri ya wilaya zikapitishwa. Katiba yetu ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake, na ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba na sheria za nchi. Haikusema kila mtu isipokuwa mjane wa Umalila. Yule mama alikuwa anadai sheria iliyopo itekelezwe. Aliyekuwa anaivunja ndiye aliyechekelewa na kupewa viazi.

Najua mtakavyonijibu, maana nayasikia kila siku. Viazi vikishachimbwa haviwezi kukaa juani, vinageuka kijani. Ghala hatuna. Mvua ikishika, njia ya kushukia Mbalizi inateleza na gari likiondoka hujui lini litarudi lingine. Ada zinadaiwa, mkopo wa pembejeo unadaiwa. Yote ni kweli na mimi naishi humohumo. Mtu mmoja akibanwa hivyo akauza, simlaumu hata kidogo.

Lakini ile siku hatukuwa mtu mmoja. Kulikuwa na mashamba yanachimbwa pande zote za barabara. Mnunuzi naye ana presha zake: gari ni la kukodi, dereva na utingo wanakula, na mteja wake sokoni anampigia simu kila saa. Akiambiwa kilo shamba la kwanza, akaambiwa kilo la pili, akaambiwa kilo la tatu, atarudi Dar na Fuso tupu? Thubutu. Atashusha mizani. Anachotegemea ni kwamba shamba la pili litamsaliti la kwanza, na sisi hatujawahi kumwangusha.

Kila waziri anayepita nyanda hizi anapiga marufuku lumbesa, tunapiga makofi, msafara ukiondoka magunia yanaendelea kuvalishwa vilemba. Wakala wa Vipimo wana ofisi mkoani. Hawatajua gari gani limepakia usiku katika kijiji gani kama hakuna mtu wa kijiji hicho aliye tayari kusema na kusimamia alichosema. Na atakayesema akiachwa peke yake, kama tulivyomwacha yule mama, wa pili hatajitokeza.

NYONGEZA: Kuna mdau ameniuliza inbox kama siogopi wanunuzi kutususa. Ndugu yangu, msimu uliopita kilo za juu waliondoka nazo bure. Unaniogopesha na nini tena?

Nimeshamwandikia mtendaji barua, nakala kwa mwenyekiti, nikitaka mambo matatu: lumbesa iwe ajenda ya mkutano ujao na iandikwe kwenye muhtasari, kijiji kinunue mizani iliyopigwa mhuri, na gari lolote lipakie kituo kimoja mchana badala ya kuzunguka mashambani usiku. Nimesaini kwa jina langu kamili. Mama naye amesaini. Mpaka naandika hapa tuko sita, na wawili kati yao ni vijana wa kupakia.

Wakuu mlioko Njombe, Makete na Kilolo, kama kuna kijiji chenu kimefanikiwa kuuza kwa kilo, nawaomba mtuambie mlianzaje, sheria ndogo mliiandika vipi, na yule wa shamba la pili mlimfanya nini.